Maswali ya wasomaji: pete ya fedha kwenye kiko

Shikamooni wataalamu. Nimeachiwa kiko cha babu, cha mti, chenye pete ya fedha shingoni. Niliisugua pete kwa majivu na limao kama tunavyosugua sufuria. Iling'aa siku chache, ikarudi kuwa nyeusi, na sasa ina mikwaruzo. Nimekosea wapi? (Msomaji, Kizota, Dodoma)

Marahaba. Majivu ndiyo yaliyokukwaruzia. Yana chembe ngumu, na hata vumbi letu la Dodoma lina mchanga ambao ni mgumu kuliko fedha, kwa hiyo pete hupanguswa vumbi kwanza kwa brashi laini kabla ya kuguswa na kitambaa. Limao nalo hupenya chini ya pete likala mti na gundi.

Ule weusi ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa. Salfa inatoka wapi? Angalia unachowashia: kiberiti, na jina lenyewe ni la salfa. Ukiwasha njiti, acha kichwa kiungue chote, hesabu mbili, ndipo uisogeze kwenye tumbaku. Moshi wa koroboi nao huchangia. Na usifunge kiko kwa mpira wa bendi. Mpira una salfa na utaacha mstari mweusi kwenye pete.

Kabla ya kusafisha, tazama alama kwa lenzi. Simba anayetembea ni alama ya Uingereza ya fedha ya 925, yaani sehemu 925 katika 1,000. Nanga pembeni yake ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Ukiona EPNS, fedha imepakwa tu juu ya aloi ya shaba na nikeli; hiyo ifute kwa kitambaa cha sonara basi, maana ukiisugua sana utafika kwenye manjano.

Kama ni fedha halisi, zungushia selotepu ya karatasi kwenye mti pande zote mbili za pete, kwa sababu soda ya kuokea huharibu rangi ya mti. Changanya vijiko vitatu vya chai vya soda ya kuokea na kimoja cha maji. Pakaa kwa pamba, sugua taratibu ukifuata mzunguko wa pete, na alama zile zipitie mara moja tu, zikishafutika hazirudi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, hapo hapo. Ile njia ya kutumbukiza fedha kwenye maji ya moto yenye karatasi ya alumini ni nzuri kwa vijiko vya fedha. Kiko usikitumbukize: mti utavimba na gundi itaachia.

Pete ya kiko changu hulegea kila kiangazi, mvua zikija inakaza. Nitie gundi ya supa? (Msomaji, Manyoni)

Usitie. Mti husinyaa hewa ikikauka, fedha haisinyai, basi pete inabaki kubwa. Gundi ya supa ikishashika, siku pete ikihitaji kutolewa utapasua shingo. Vua pete, futa ndani, pakaa tone moja la gundi nyeupe ya seremala kwa ncha ya njiti, rudisha pete ukilinganisha alama mahali zilipokuwa, acha saa 24.

Mafuta ya alizeti msiyapake juu ya mti, ingawa kwetu yapo kila duka. Hukauka yakawa gundi gundi na kunuka. Nta ya nyuki inafaa shingoni. Kwenye bakuli, pale pakaapo tumbaku, usiipake, maana huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 63 tu, utaishika mkononi.

Nasafishaje ndani, na kwa nini mdomo mweusi wa kiko umegeuka kijani? (Msomaji, Kondoa)

Kwanza kiache kipoe kabisa; ukivua mdomo kikiwa moto, shingo hupasuka. Zungusha huku ukivuta, usiinamishe. Pitisha waya laini wenye nyuzi za pamba uliolowa spiriti isiyo na rangi ya dawa, rudia mpaka utoke safi. Ndani ya bakuli bakiza tabaka jembamba la mkaa wa tumbaku, kama unene wa sarafu: likizidi hutanuka kwa joto likapasua mti. Wengine hujaza chumvi na spiriti usiku kucha. Kwa kiko chenye pete ya fedha hatushauri, chumvi huitoboa fedha vishimo vidogo. Jaza pamba badala yake, na spiriti isimwagike kwenye pete.

Mdomo wa kijani ni eboniti, mpira uliopikwa na salfa, ulioachwa juani. Funika pete kwa selotepu, sugua mdomo kwa msasa namba 1,000 wenye maji, kisha 2,000. Ukisikia harufu ya yai bovu, ni salfa hiyo inatoka, endelea. Maji ya moto usitumie, yatauongezea ukijani.