Bird, Durant au Pippen: nani awe wa pili?

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: katika orodha yako ya wachezaji bora wa nafasi ya namba tatu (small forward) katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, LeBron James umemweka wa kwanza bila shida, ila unakwama kati ya Larry Bird, Kevin Durant na Scottie Pippen. Amua kwanza unapima kilele cha mchezaji au urefu wa safari yake, kwani Bird, aliyekuwa mchezaji bora wa msimu mara tatu mfululizo kuanzia 1984 hadi 1986 na kustaafu mwaka 1992 akisumbuliwa na mgongo, hupanda kwa kipimo cha kwanza na kushuka kwa cha pili.

Usihesabu ubingwa peke yake: Pippen anao mara sita, Bird tatu, Durant mbili, lakini Pippen hakuwahi kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa msimu, ingawa ulinzi wake, ambao jedwali la pointi haliuonyeshi, unanizuia kumshusha mbali.

Jihadhari pia unapolinganisha mitupo ya pointi tatu, maana mstari wake uliingia NBA msimu wa 1979/80 na mwanzoni timu ziliutumia kwa nadra.

Mimi ningemweka Bird wa pili, kisha Durant, kisha Pippen.