Kwa unayeanza kusoma komedia za Uingereza za baada ya 1660: anza na mshtaki

Wengi wanaoingia kwenye somo hili huja na picha moja kichwani: huku waandishi wachangamfu, kule watu wa dini waliokunja nyuso. Iondoe mapema. Ni kweli Bunge lililotawaliwa na Wapuriti, Waprotestanti wa msimamo mkali, lilifunga majumba ya maonyesho mwaka 1642, na mfalme Charles II aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1660 yakafunguliwa, wanawake nao wakaanza kuigiza jukwaani. Lakini Jeremy Collier, aliyewasha moto mwaka 1698 kwa kitabu cha kuzishambulia tamthilia hizi, A Short View of the Immorality and Profaneness of the English Stage, hakuwa Mpuriti. Alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyekataa kula kiapo cha utii kwa mfalme William na malkia Mary. Mwaka 1696 aliwatamkia ondoleo la dhambi, mbele ya kitanzi, watu wawili waliohukumiwa kwa njama ya kumuua William, na serikali ikamharamisha. Huyu si mtu wa kupuuzwa kwa kuitwa mshamba.

Kwa hiyo soma kitabu chake kwanza. Ana mashtaka makubwa manne: lugha chafu, matusi dhidi ya mambo matakatifu, kudhihakiwa kwa makasisi, na wahusika waovu kutuzwa mwishoni mwa mchezo. Kwa maoni yangu hilo la nne ndilo zito, na ndilo wanafunzi hulipita haraka kwa sababu mengine yana vituko zaidi.

Kisha fungua The Country Wife ya Wycherley, ya mwaka 1675. Horner, mhusika mkuu, amemtumia daktari kueneza uvumi kwamba hana nguvu za kiume tena, basi waume wanamwachia wake zao bila wasiwasi. Katika tendo la nne Lady Fidget anatoka chumbani kwake ameshika chombo cha kauri, mumewe akiwa palepale. Mwanamke mwingine naye anataka cha kwake. Horner anajibu kwamba hana kilichobaki. Hapo kauri imegeuka fumbo la ngono. Isome sauti juu, ikiwezekana na wenzako. Hutakuta neno chafu hata moja. Uchafu wote unaukamilisha wewe msikilizaji. Ndiyo maana kuhesabu maneno machafu hakukufikishi popote kwenye tamthilia hizi. Lakini tazama pia mwisho: Horner haumbuki. Hapo Collier ana hoja, na lazima umjibu kwa hoja.

Congreve, mwandishi mwingine wa komedia hizi, alimjibu Collier mwaka huohuo. Alidai mambo mawili ambayo hadi leo tunayafundisha: maneno ya mhusika asibebeshwe mwandishi, na kila dondoo lirudishwe kwenye onyesho lake kabla ya kuhukumiwa. Yashike hayo, kisha uyatumie dhidi ya Congreve pia, maana kanuni nzuri bado haijajibu swali la mwisho wa mchezo. Nampenda sana Congreve, lakini jibu lile lina hasira nyingi mno.

Ukitaka kuona mzozo ukiingia ndani ya maandishi yenyewe, linganisha matoleo mawili ya The Provoked Wife ya Vanbrugh. Mwanzoni Sir John Brute, amelewa, anavaa joho la kasisi na kufanya fujo barabarani hadi askari wa doria wanamkamata. Baadaye onyesho hilo likaandikwa upya: sasa amevaa gauni la mwanamke. Ulevi na fujo vilibaki. Kilichoondoka ni joho.

Usimpe Collier sifa za kila badiliko lililofuata, hata hivyo. Mwandishi na mwigizaji Cibber alikuwa ameshamtubisha mume mzinzi katika tendo la tano la Love's Last Shift mwaka 1696, miaka miwili kabla ya kitabu kile. Sheria ya kudhibiti maonyesho ya mwaka 1737 nayo ilisukumwa zaidi na kejeli dhidi ya serikali ya waziri mkuu Walpole. Na ukipata nafasi, tafuta The Country Girl, jinsi mwigizaji Garrick alivyoiandika upya tamthilia ya Wycherley mwaka 1766. Horner hayumo.