Kwa mkuu mwenye mama ICU Mbeya: ule weusi wa kwenye kifandugu msiusugue

Pole sana mkuu. Kwa nilivyokuelewa, mama ana siku ya tisa ICU, chumba cha mahututi, kwa kiharusi, juzi shangazi akiwa anamfuta akaona weusi pale kwenye kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo juu ya makalio, na katikati ya makalio ngozi imechubuka inatoa majimaji. Nyumbani mmegawanyika: wengine wanasema manesi hawamwangalii, wengine wanasema leteni poda na spiriti. Sasa unauliza ni nini hicho na mfanye nini.

Mimi si daktari. Mwaka jana, Juni kuingia Julai, nililala kwenye korido za hospitali Iringa siku 34, mzee wangu akiwa mahututi siku 19 kati ya hizo. Nakupa niliyoyaona na niliyoelekezwa, pamoja na moja nililoliharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa maelezo yako hayo huenda ni matatizo mawili, na kila moja lina namna yake. Weusi ulio juu ya mfupa kabisa mara nyingi ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Mfupa unakandamiza nyama kwa ndani, godoro linakandamiza kwa nje, mishipa midogo inabanwa na damu haipiti. Nyama ya ndani karibu na mfupa inaweza kufa kabla ngozi ya juu haijapasuka, ndiyo maana unaona doa dogo leo na baada ya siku chache unakuta shimo. Lile chubuko la katikati, lenye majimaji na lisilokaa juu ya mfupa, linaelekea kuwa ni la unyevu: mkojo na haja kubwa. Haja kubwa ndiyo mbaya zaidi, hasa mgonjwa akiharisha kwa ajili ya antibiotiki. Ukiona na vipele vidogo vidogo vimetapakaa pembeni, mwambie nesi, huenda fangasi wameshaingia.

Kingine ambacho sista mmoja alinifundisha na sijakisahau: ngozi yetu nyeusi usisubiri iwe nyekundu. Vitabu vingi vinasema bonyeza uone kama wekundu unatoweka, sasa kwa mzee wangu wekundu ungeonekana wapi? Tumia kiganja. Gusa pale kwenye mfupa, halafu gusa ngozi ya pembeni. Pakiwa na joto kuliko pembeni, au baridi kuliko pembeni, pakiwa pagumu, au pamelegea kama tunda lililoanza kuharibika, au pana rangi inayoelekea zambarau, hapo pameshaanza hata kama hapajachubuka. Zunguka: kifandugu, nyonga, visigino, viwiko, kisogo, nyuma ya masikio. Na kwa kuwa wako ni mama, kama amesukwa ombeni mfumue. Kitanda jirani na cha mzee alikuwepo dada mwenye misuko, fundo moja la kisogoni lilikaa chini ya kichwa wiki nzima, walipokuja kufumua walikuta kidonda.

Msisugue pale peusi. Najua mkono unavyowasha kutaka kukanda, sisi tumelelewa kwamba panapouma pakandwe. Lakini nyama ile haina damu, ukiikanda unaichana kwa ndani. Spiriti inakausha na kuunguza. Poda ikikutana na unyevu inakuwa matope kwenye mikunjo. Na ile ya kujaza maji kwenye glovu na kuiweka chini ya kisigino, au kumkalisha kwenye kata ya kanga iliyoviringishwa, nayo tuliifanya kwa siku mbili mpaka tukakatazwa: duara linabana damu pembeni ya kile unachotaka kukiokoa.

Kinachosaidia ni kugeuza. Kawaida wanasema kila saa mbili, lakini mgonjwa wa ICU ana mambo yake. Mzee siku za mwanzo ukimgeuza tu presha inashuka, kwa hiyo walikuwa wanamwinamisha kidogo kidogo. Msimgeuze bila nesi, ana mipira na mashine. Waulize: tunaweza kusaidia saa ngapi? Kwetu manesi walikuwa wawili kwa wagonjwa sita, usiku nikawa namwona mmoja anakimbia peke yake. Sikatai kwamba wapo wazembe, ila kabla hamjaenda kugombana, hesabuni kwanza. Tulipoanza kujitolea wakati wa kuona wagonjwa, asubuhi, mchana na saa kumi jioni, walitupokea kwa mikono miwili.

Asilazwe ubavu wote, maana uzito wote unahamia kwenye nyonga. Mwegemezeni nusu, mto nyuma ya mgongo, alalie nyama ya tako. Kumsogeza juu mnyanyueni watu wawili kwa shuka, msimburute. Wakishainua kichwa cha kitanda kwa ajili ya kupumua, mwili unateleza kuelekea miguuni huku ngozi imeng'ang'ania shuka, na mvutano huo unachana ngozi. Visigino viningʼinie hewani: mto uwe chini ya mashavu ya miguu, urefu wote, siyo chini ya kisigino.

Sasa hapa kwenye visigino ndipo kosa langu. Mnajua baridi ya Juni huku kwetu. Mzee ametolewa Mufindi, blanketi mbili, miguu yake ukiishika ni kama umeshika bomba la maji alfajiri. Nikachukua chupa ya plastiki, nikajaza maji ya moto kwa mama ntilie wa getini, nikaizungushia taulo, nikaipenyeza miguuni jioni ya kuona wagonjwa. Mimi niliona nimefanya la mtoto mwema. Asubuhi sista akafunua blanketi, akaniuliza taratibu, "Kaka, hii chupa umeiweka saa ngapi?" Kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge la ukubwa wa yai.

Dokta akanieleza. Mwili ukizidiwa unapunguza damu ya ngozi na miguu, unaipeleka kwenye moyo na ubongo. Mzee alikuwa kwenye dawa za kupandisha presha, na hizo zinabana mishipa ya pembezoni zaidi. Miguu ikikosa damu, joto likiingia halina wa kuliondoa, na mgonjwa hajitambui hata aweze kuvuta mguu. Maji ambayo wewe ungeyavumilia yanamuunguza yeye. Soksi na blanketi vinatosha. Presha ilirudi, figo zikaamka, mzee akaanza kuongea, lakini kile kidonda cha kisigino kilikuja kufunga tukiwa tunapanda mahindi.

Kuhusu chubuko la unyevu: pampasi ikichafuka itolewe saa ile ile. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando kiasi au krimu ya zinki kama wanayo, na mkiruhusiwa muiache pampasi imetandikwa tu bila kufungwa, apate hewa. Palipochimbika msipake chochote cha kutoka nyumbani, wala asali ya shangazi. Ndiyo, asali hutumika kwenye vidonda, lakini ile ni iliyosafishwa kwa kazi hiyo.

Angalia pia plasta na mipira: puani, pembe za mdomo, nyuma ya masikio inapopita ya oksijeni. Mwambie nesi wabadilishe upande, na plasta iloweshwe kabla ya kubanduliwa, kwa sababu ngozi ya mwili uliovimba inabanduka nayo.

Na moja la haraka. Kama wamemwanzishia dawa za degedege, kama fenitoini au kabamazepini, au anatumia septrini, ile antibiotiki, halafu ukaona vipele vinasambaa mwilini pamoja na macho mekundu, midomo inachubuka na malengelenge, hilo halihusiani na kulalia. Mtafute daktari dakika hiyo hiyo, usisubiri raundi ya kesho.

Lishe waulize wao, maana mnachopitisha kwenye mpira wa puani kina vipimo vyake. Kidonda hakifungi bila protini, na pale ndipo mayai na maziwa yenu yanaweza kupata kazi wakikubali.

Jioni ya leo mkienda saa kumi, kabla ya kifandugu mguse visigino vyote viwili, mlinganishe joto. Halafu rudi hapa utuambie mmekuta nini, na kama ule weusi ni mgumu au umelegea.