Wasomaji Wauliza: Pesa za Shule ya Umma Zinapita Mikononi mwa Nani?

Barua nyingi zilizotufikia tangu shule zifunguliwe zinahusu pesa: nani anazitoa, nani anazitumia, na nani anapaswa kuulizwa zisipoonekana. Nimechagua nne, kutoka Kisumu, Kakamega, Nakuru na Busia.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu yuko Gredi ya 8 katika shule ya umma hapa mjini. Wiki iliyopita alirudishwa nyumbani na kikaratasi kinachodai shilingi 800: 500 za motisha ya walimu, 200 za mitihani na 100 za mlinzi. Nilidhani masomo haya yanalipiwa na serikali. Nikienda kuuliza, nahofia mtoto ataonewa. Nifanye nini? – Mama wa watoto watatu, Manyatta, Kisumu

JIBU: Mama, nianze na lile linalokuuma zaidi, yaani mtoto kukaa nyumbani wenzake wakisoma. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 kinakataza shule ya umma kumtoza mzazi karo ya masomo. Ada nyingine zinaweza kuwepo, ila kwa idhini ya Waziri wa Elimu baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hata zikishaidhinishwa, mtoto hawezi kunyimwa masomo kwa sababu mzazi wake hajazilipa. Kifungu hicho hicho kinamkataza mtu yeyote kukusanya pesa hizo bila kutoa risiti rasmi. Kwa hiyo mtoto arudi darasani kesho asubuhi, na habari ya pesa izungumzwe na watu wazima.

Nimeitazama kwa makini picha ya kikaratasi uliyotutumia. Kimekatwa kwa rula kutoka daftari la mazoezi, kimeandikwa kwa kalamu ya wino, hakina jina la shule, muhuri wala nambari, na neno «motisha» limepigiwa mstari mara mbili. Ada iliyopita katika njia ya sheria huwa na barua ya idhini, na mwalimu mkuu anaweza kukutolea barua hiyo kwenye faili ukimwomba. Akishindwa, basi mnachodaiwa ni mchango wa hiari, na mchango wa hiari haumrudishi mtoto nyumbani.

Sasa tuje kwenye pesa za serikali. Kwa mwanafunzi wa sekondari msingi, kama mwanao wa Gredi ya 8, kiwango kilichowekwa ni shilingi 15,042 kwa mwaka. Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 tu, kiwango ambacho hakijapandishwa kwa miaka mingi ilhali bei ya chaki, karatasi na umeme imepanda mbele ya macho yetu. Mpango uliopo ni kwamba nusu ya pesa hizo itumwe muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na asilimia 20 muhula wa tatu. Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 120 wa sekondari msingi: mwaka mzima inastahili kupata shilingi 1,805,040, na muhula wa kwanza shilingi 902,520. Hesabu hii mzazi yeyote anaweza kuifanya kwa simu yake, mradi ajue idadi ya wanafunzi waliosajiliwa. Mishahara ya walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, haimo humo, kwa sababu tume huwalipa moja kwa moja.

Ni lazima pia niseme upande wa pili. Pesa hizi huchelewa, na mara nyingi hufika zikiwa pungufu. Mwalimu mkuu hukaa wiki nyingi za muhula wa kwanza akikopa unga na karatasi za mitihani dukani, mlinzi akimsubiri mlangoni kila mwisho wa mwezi, na walimu walioajiriwa na bodi kwa kuwa TSC haijaleta wa kutosha nao wakitaka chao. Hapo ndipo vikaratasi vinapozaliwa. Ninaamini kabisa kwamba kosa la kwanza liko Nairobi, kwa wale wanaotangaza elimu bila malipo kisha wasiilipie kwa wakati. Lakini kosa hilo halimpi mwalimu mkuu ruhusa ya kulihamishia kwa mtoto wa mama anayeuza mboga Kibuye.

Kuhusu hofu yako, usiende peke yako. Kila darasa lina mwakilishi katika Chama cha Wazazi; mtafute, mwende wazazi wawili au watatu, na muulize kwa upole mambo mawili: barua ya idhini iko wapi, na muhula huu shule imepokea kiasi gani. Mkikosa jibu, andikeni barua kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, mtie nakala ya kikaratasi hicho, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua iliyotiwa sahihi na wazazi watano haimwelekezi mtu kwa mtoto mmoja.

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima, na mwaka huu wazazi wamenichagua kuwawakilisha katika bodi ya shule ya upili ya kutwa. Katika mkutano wa kwanza tuliletewa bajeti tuipitishe bila kuona taarifa ya benki. Nilipouliza, niliambiwa wakaguzi hutoka wizarani na kwamba kanisa lililoanzisha shule limesharidhia. Je, kazi yangu ni kutia sahihi tu? – Mjumbe mpya, Shinyalu, Kakamega

JIBU: La hasha, mzee wangu. Sheria imeikabidhi Bodi ya Usimamizi, ile tunayoiita BOM, mali na pesa za shule. Mwalimu mkuu ni katibu wa bodi hiyo, si mwenyewe, na anapotumia pesa hutumia zile ambazo bodi imempangia.

Tazama muundo wa bodi uone uzito wa kiti chako. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinatoa nafasi sita kwa wawakilishi wa wazazi au jamii, tatu kwa mfadhili wa shule, moja kwa walimu, moja kwa mteule wa Bodi ya Elimu ya Kaunti, moja kwa makundi yenye maslahi maalumu katika jamii na moja kwa watu wenye mahitaji maalumu. Baraza la wanafunzi nalo hutuma mwakilishi. Huku kwetu magharibi, ambako Waquaker wa Kaimosi, Wakatoliki na Waanglikana walijenga shule kabla serikali haijafika vijijini, mfadhili huheshimiwa sana, na anastahili heshima hiyo. Sheria inamtambua katika malezi ya kiroho, katika ushauri na katika kulinda mila ya dini yake shuleni. Hata hivyo, ana viti vitatu, nanyi mna sita. Ridhaa ya kanisa haiwezi kuchukua nafasi ya kura ya bodi katika bajeti ya pesa za umma.

Kuhusu wakaguzi, ni kweli kwamba wizara ina idara ya ukaguzi wa hesabu za shule, na Kifungu cha 229 cha Katiba kinampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye leo ni Nancy Gathungu, mamlaka juu ya hesabu za pesa za umma. Lakini mkaguzi huja wakati pesa zimekwisha kutumika. Anaweza kuandika kwamba matofali yaliyolipiwa hayaonekani; hawezi kuyarudisha. Ninyi ndio mnaokaa mezani kabla hundi haijaandikwa, na ndiyo maana nasema udhibiti wa kweli wa shule ya umma uko mikononi mwenu kuliko mikononi mwa mtu yeyote wa Nairobi.

Mkutano ujao, kabla bajeti haijajadiliwa, omba vitu vitatu viwekwe mezani. Cha kwanza ni taarifa ya benki ya kila akaunti ya shule, yenye muhuri wa benki na isiyokuwa na kurasa zilizorukwa. Cha pili ni idadi ya wanafunzi waliosajiliwa kwenye mfumo wa wizara, uilinganishe na daftari la mahudhurio la madarasani, maana pesa hutumwa kwa kufuata usajili. Kwa miaka mingi mtoto aliyekosa cheti cha kuzaliwa na hivyo kutoingia kwenye NEMIS, mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi, hakuhesabiwa, shule ikamlisha na kumfundisha bila kupata senti kwa ajili yake. Na upande mwingine, yako majina yaliyosajiliwa ambayo wenyewe hawajulikani walipo. Yote mawili ni mambo ya bodi kujua. Cha tatu ni orodha ya madeni. Shule nyingi huonekana kuwa na salio zuri hadi muuzaji wa mahindi na kuni atajwe, na salio lote likaisha.

Katika shule ya kutwa ya sekondari, kiwango cha serikali kimekuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi tangu 2018. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaeleza wabunge kwamba hazina haimudu kiasi hicho chote na kwamba kinachotolewa ni karibu shilingi 17,000, kauli iliyozua mjadala mkali nchini. Mkipanga bajeti kwa kiwango kilichoandikwa, mtakuwa na deni kufikia Agosti. Pangeni kwa kile kilichoingia benki mwaka uliopita.

Ukinyimwa taarifa ya benki, taka kunyimwa huko kuandikwe katika kumbukumbu za mkutano pamoja na jina lako, na usitie sahihi bajeti. Kisha una njia ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inamruhusu raia yeyote kuiandikia taasisi ya umma aombe habari, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, bila kueleza sababu, na taasisi hiyo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa ndiye anayeandika. Ukipuuzwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman, ambayo ina tawi Kisumu. Ukiona dalili za wizi hasa, kama vile risiti za kughushi, hiyo ni kazi ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, ambayo nayo ina ofisi Kisumu.

SWALI: Darasa la chekechea lililo ndani ya shule ya msingi hapa kwetu linavuja, na watoto wa miaka minne hukaa kona moja mvua ikinyesha. Mwalimu mkuu anasema ni la kaunti, mwakilishi wadi anasema ni la shule. Nani anasema ukweli? – Mkazi, Njoro, Nakuru

JIBU: Mwalimu mkuu. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na kuiachia serikali ya kitaifa shule za msingi na za sekondari. Kiwanja kinaweza kuwa kimoja, lango likawa moja, lakini paa la chekechea na mshahara wa mwalimu wa chekechea ni wa bajeti ya gavana. Pesa za shule ya msingi haziwezi kununua mabati hayo hata mwalimu mkuu akitaka.

Hapa watu huchanganywa pia na Bodi ya Elimu ya Kaunti, wakidhani ni ya gavana kwa sababu ya jina lake. Hiyo iko chini ya Waziri wa Elimu. Ninyi nendeni kwa afisa wa elimu wa wadi, kisha mhudhurie vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, na mhakikishe paa hilo limetajwa kwa jina la shule. Mradi usiotajwa kwa jina huwa rahisi kuhamishwa.

SWALI: Binti yangu yuko Kidato cha Tatu katika shule ya bweni ya kaunti. Karo inayodaiwa inazidi ile niliyoisoma gazetini, na basari aliyopewa siioni kwenye hesabu yake. – Baba, Busia

JIBU: Mwongozo wa wizara umeweka karo ya mzazi kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka katika shule za kitaifa, na shilingi 40,535 katika shule za bweni za kaunti kama ya binti yako. Chochote kinachozidi hapo kinahitaji idhini niliyoieleza katika jibu la kwanza, na sheria hiyo hiyo inapiga marufuku masomo ya ziada ya likizo, hivyo usilipie hayo pia.

Basari huweza kutoka kwa hazina ya eneobunge, NG-CDF, au kwa kaunti. Ya kaunti iliwahi kukwama Januari 2025, pale Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang'o alipoziandikia kaunti kwamba haziwezi kugharimia shule za serikali ya kitaifa bila makubaliano rasmi, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Kwa hiyo ulizia kwanza ni basari ya ofisi gani. Hundi hulipwa shuleni, mara nyingi moja kwa wanafunzi wengi, ikiambatana na orodha ya majina. Pata kutoka ofisi iliyotoa basari nambari ya hundi na tarehe yake, umpelekee bursa wa shule, na umwombe akuonyeshe jina la binti yako kwenye orodha hiyo na risiti iliyokatwa kwa jina lake.