Jibu: DNS inarudi ile ya zamani kila nikiwasha Ubuntu

Ndugu wa Umoja, umeuliza kwa nini DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) inarudi ile ya zamani kila ukiwasha laptopu yako ya Ubuntu, aina ya mfumo wa Linux. Kama ping (amri ya kupima kama mashine nyingine inajibu) ya 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, inajibu lakini tovuti hazifunguki, Wi-Fi yako iko sawa. Kinachokwama ni kutafuta majina. Fundi asikuuzie ruta mpya bure.

Unasema unaandika nameserver (anwani ya seva ya DNS) kwenye /etc/resolv.conf halafu inafutika. Lazima ifutike! Kwenye Ubuntu za siku hizi faili hilo ni kiungo tu: piga ls -l /etc/resolv.conf uone linaelekeza /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf, na vya /run hupotea mashine ikizimwa. Ile anwani 127.0.0.53 uliyoiona humo ikakutia wasiwasi si virusi. Ni systemd-resolved, huduma ya Ubuntu yenyewe, inapokea maswali ya majina humo humo kwenye laptopu na kuyapeleka kwa seva halisi, ambazo utaziona ukipiga resolvectl status.

Mabadiliko yafanyie NetworkManager, programu inayosimamia mitandao ya laptopu; amri yake ni nmcli. Pata jina la muunganisho kwa nmcli connection show. Tuseme ni Nyumbani, na unataka seva za DNS 1.1.1.1 (ya Cloudflare) na 8.8.8.8:

sudo nmcli connection modify Nyumbani ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
sudo nmcli connection up Nyumbani

Hiyo ignore-auto-dns usiiruke, la sivyo DNS ya ruta itabaki kwenye orodha. Ukiwa na IPv6 (aina mpya ya anwani za mtandao), weka ipv6.ignore-auto-dns yes pia.

Huyo aliyekushauri ufunge faili kwa chattr +i (amri ya kuzuia faili lisibadilishwe), mwache na ushauri wake. Njia hii ya nmcli inagusa Wi-Fi ya nyumbani pekee, kwa hivyo ukiingia mkahawa wowote pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, ukurasa wao wa kuomba nywila hautasumbuliwa na DNS uliyoweka.