Vile Viduara vya Pembeni kwenye Meza ya Bakara

Ujumbe wa sauti uliingia saa sita usiku. Alikuwa binamu yangu, mwenye kibanda cha vifaa vya simu Mbagala. "Dada, samahani kwa usiku huu. Wewe si uligawa karata kule kasino? Hili dau la Sita kwenye bakara ya simu linalipa mara kumi na mbili. Si ndiyo bima ya Benka? Nimeliweka kila raundi tangu saa tano, limenijia mara mbili tu."

Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika simu, na moyo ukaniuma. Nimegawa karata za bakara miaka minne katika kasino moja ya Dar es Salaam, na swali lake nimelisikia kwa lugha nyingi. Wafanyabiashara wa Kichina waliokuja kutoka Kariakoo baada ya kufunga maduka waliniuliza. Wageni wa hotelini waliniuliza. Mgawa karata haruhusiwi kumshauri mteja, kwa hiyo nilitabasamu na kugawa. Leo sipo mezani tena, naweza kujibu.

Kwa asiyeijua bakara, ni mchezo mwepesi kuliko karata zote za barazani kwetu. Pande ni mbili: Pleya na Benka. Hayo ni majina tu ya pande za meza, wewe unaweza kuwekea upande wowote. Kila upande hupata karata mbili, na pengine ya tatu kwa kanuni ambazo mchezaji hana uamuzi nazo. Ree ni moja, namba huhesabiwa kama zilivyo, kumi na karata zote za picha ni sifuri. Jumla ikipita tisa unatupa kumi: saba na nane ni kumi na tano, kwa hiyo ni tano. Aliye karibu na tisa ndiye mshindi. Zikilingana ni sare, na madau ya Pleya na Benka hurudishwa.

Meza nyingi hutumia pakiti nane, yaani karata 416. Ukicheza hivyo muda mrefu, Benka hushinda kama asilimia 45.9 ya raundi, Pleya 44.6, na sare ni 9.5. Kwa kuwa Benka hushinda zaidi, kasino hukata kamisheni ya asilimia 5 kwenye ushindi wake. Ukishapiga hesabu yote, kile ambacho kasino hubaki nacho kwa wastani ni asilimia 1.06 ya kila dau la Benka na 1.24 ya kila dau la Pleya. Mimi huita kiasi hicho makato, kwa sababu kinafanya kazi kama makato ya kutuma pesa kwa simu: kidogo kidogo, kila muamala, ushinde ushindwe.

Makato hayo ni madogo sana kwa mchezo wa kasino. Na kasino nayo inajua. Ndiyo maana pembeni ya Pleya na Benka kuna viduara vingine vya kuwekea madau ya ziada.

Nianze na pea, kwa sababu hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu, na ukishaifanya mara moja hutahitaji mtu akuambie lolote kuhusu madau ya pembeni. Dau la Pea ya Pleya hushinda ikiwa karata mbili za kwanza za Pleya zinafanana, mfano nane na nane. Hulipa 11 kwa 1. Sasa fikiri: karata ya kwanza imetoka, ni nane ya kopa. Zimebaki karata 415. Katika pakiti nane kulikuwa na karata 32 za nane, imetoka moja, zimebaki 31. Basi nafasi ya pea ni 31 kati ya 415. Chukua raundi 415, weka shilingi 1,000 kila raundi. Kwa wastani utashinda mara 31, kila mara 11,000, jumla 341,000. Utapoteza mara 384, jumla 384,000. Umetoka mikono mitupu na umeacha 43,000 mezani. Hiyo ni zaidi ya asilimia 10 ya pesa yote uliyoweka. Linganisha na ile 1.06 ya Benka.

Hakuna aliyekuibia hapo. Karata zimegawiwa kwa haki na malipo yameandikwa wazi kwenye kitambaa cha meza. Ila malipo ya haki yangekuwa zaidi kidogo ya 12 kwa 1, nao wanalipa 11. Hiyo tofauti ndogo ndiyo mshahara wangu ulikotoka.

Nilichokiona kila usiku ni hiki. Mgawa karata hukusanya kwanza madau yaliyopotea, ndipo hulipa walioshinda. Kukusanya ni kimya: mkono unapita, chipu za pembeni zinaondoka, macho ya wateja yako kwenye matokeo ya Benka na Pleya. Lakini pea ikitoka, meza nzima inapiga kelele, watu wanasimama, chipu zinapangwa mbele ya mshindi polepole ili kamera ione. Mtu anaondoka akikumbuka pea tatu alizopata. Zile raundi arobaini za chipu moja moja hazimo kichwani mwake kabisa. Mimi nilikuwa nazikumbuka kwa sababu mkono wangu ndio uliozichukua.

Sare ni hadithi hiyohiyo kwa namba nyingine. Hulipa 8 kwa 1, na hutoka chini kidogo ya mara moja katika raundi kumi. Makato yake ni kama asilimia 14.4. Kuna meza zinazolipa 9 kwa 1, na hapo makato hushuka hadi chini ya 5, kwa hiyo namba moja tu kwenye kitambaa inabadilisha mambo kiasi hicho. Soma kitambaa kabla ya kuweka chochote. Na usimfuate anayekuambia sare ikitoka mara moja huja tena. Zile nukta nyekundu na buluu kwenye skrini, zinazochora njia ya matokeo yaliyopita, ni kumbukumbu tu. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao za biashara, wakizichora kwa kalamu kwenye kadi usiku kucha. Karata zilizomo ndani ya kisanduku hazizisomi.

Sasa nirudi kwa binamu yangu, maana dau lake ndilo baya kuliko yote niliyowahi kuhudumia, na ndilo linalonasa watu makini.

Kuna meza zisizo na kamisheni. Ukishinda Benka unalipwa kamili, isipokuwa Benka ikishinda kwa jumla ya sita: hapo unalipwa nusu. Mtu akisikia "hakuna kamisheni" anaona ametendewa wema. Kumbe makato ya Benka yamepanda kutoka 1.06 hadi 1.46. Halafu pembeni pamewekwa duara la Sita, linalolipa 12 kwa 1 pale pale ambapo Benka inashinda kwa sita. Unaona jinsi linavyojileta? Panapokuuma, ndipo dawa ilipowekwa. Mtu anajiambia: nikiwa na Benka na Sita pamoja, siwezi kuumia.

Lakini Benka hushinda kwa sita mara kama 54 tu katika raundi 1,000. Weka shilingi 1,000 kila raundi: unashinda 54 mara 12,000, yaani 648,000. Unapoteza 946,000. Imekwenda 298,000. Makato ni karibu asilimia 30. Narudia kwa kuwa nataka ukae nayo: katika kila shilingi 1,000 unayoweka pale, kama 300 si yako tena kabla karata hazijafunuliwa.

Chukua mtu anayeweka laki moja kwenye Benka na 5,000 kwenye Sita kama bima. Benka ya meza ile inamgharimu kwa wastani 1,460 kila raundi. Ile bima inamgharimu 1,500. Jumla 2,960. Angekaa meza ya jirani, yenye kamisheni anayoichukia, laki yake ingemgharimu 1,060. Bima imekuwa ghali kuliko hasara inayoikinga.

Jumapili iliyofuata binamu alikuja kwangu. Tulifungua historia ya akaunti yake, tukaandika kila raundi kwenye daftari la mwanangu. Raundi 60. Kwenye Benka alikuwa amepoteza kiasi kidogo sana, nusura atoke sawa. Kwenye Sita: mara mbili alilipwa 60,000, jumla 120,000. Mara 58 alipoteza 5,000, jumla 290,000. Laki na sabini elfu, pesa ya mzigo wa chaja na kava, iliondoka kwenye duara lile dogo, naye siku zote alidhani Benka ndiyo iliyomwangusha. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, mimi nilidhani nilikuwa mwangalifu." Na kweli alikuwa mwangalifu. Ndicho kinachonisikitisha.

Madau mengine nitayapitia upesi. Dragon 7 linapatikana kwenye meza za EZ Baccarat, aina nyingine ya bakara isiyo na kamisheni: Benka ishinde kwa saba yenye karata tatu. Hulipa 40 kwa 1, hutoka kama mara 22 au 23 katika raundi 1,000, makato ni kama asilimia 7.6. Mwenzake Panda 8, Pleya ashinde kwa nane ya karata tatu, hulipa 25 kwa 1, makato kama 10.2.

Dragon Bonus linastahili neno zaidi, kwa sababu linaonyesha jinsi kitambaa kinavyoweza kukupoteza bila kusema uongo. Hulipa kulingana na tofauti ya ushindi: ukishinda kwa tofauti ya tisa, 30 kwa 1, kwa nane, 10 kwa 1, na kushuka hivyo. Lipo upande wa Pleya na upande wa Benka, na jedwali la malipo ni lilelile neno kwa neno. Ila kanuni za karata ya tatu hazifanani kwa pande mbili, kwa hiyo upande wa Pleya makato ni kama asilimia 2.7 na upande wa Benka yanafika 9.4. Wateja wengi niliowahudumia waliliweka upande wa Benka, kwa kuwa waliambiwa Benka ndiyo bora. Ni kweli kwa dau kuu. Kwa hili la pembeni ni kinyume chake. Kama ni lazima uguse dau moja la pembeni maishani, liwe hili, upande wa Pleya, na liwe dogo.

Jambo la mwisho ni mwendo, maana simu imebadilisha kila kitu. Mezani kwangu mgeni alipokuwa akifunua karata taratibu, akiikunja pembeni na kupiga kelele "Monki!" akiomba karata ya picha, raundi moja ilichukua dakika nzima na zaidi. Kwenye simu zipo meza za haraka ambazo raundi haifiki nusu dakika. Hiyo ni zaidi ya raundi 100 kwa saa. Makato ya asilimia 30 mara 100 kwa saa moja, ukiwa umelala kitandani, hakuna mshahara wa Dar es Salaam unaoyahimili. Muda wa kuweka dau ni sekunde chache zinazohesabu kurudi nyuma, na viduara vya pembeni vinang'aa wakati huo. Mkono hukimbia kuliko akili.

Kwa hiyo hiki ndicho nilichokubaliana na binamu, nami nakuomba ukifikirie. Pesa ya mzigo, ya kodi ya nyumba na ya ada haiingii kwenye akaunti ya mchezo hata kwa saa moja. Kiasi cha wiki kinatengwa Jumatatu, kikiisha kimeisha, hakuna Songesha (mkopo wa M-Pesa), hakuna kumpigia shemeji. Meza za haraka, hapana. Duara la Sita, hapana kabisa. Kampuni isiyo na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha usiipe hata shilingi, na simu yenye akaunti isishikwe na mtoto wa chini ya miaka 18. Na ukiona umeanza kuficha historia ya akaunti kwa mkeo au mumeo, funga akaunti siku hiyohiyo na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Nimewaona wengi mezani waliongoja wiki moja zaidi.

Binamu bado anacheza mara mojamoja, Benka tu, kwenye meza ya kamisheni. Ningependa aache kabisa na nimemwambia hivyo usoni. Ule ukurasa wa daftari ameuchana akaubandika ndani ya kibanda, nyuma ya kaunta.

Kama kuna dau la pembeni ambalo sijalitaja, niandikie mambo matatu: linashinda lini hasa, linalipa ngapi, na meza inatumia pakiti ngapi. Nitakupigia hesabu yake kama nilivyopiga ya pea hapo juu, na nitakuonyesha kila hatua.