Wasifu wa daktari bingwa wa figo: mimi natazama wapi

Ukishaambiwa kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, imepanda, unaanza kuulizia bingwa. Unapewa jina, unafungua wasifu wake, unakutana na vyuo, vyeo na tuzo mpaka macho yanachoka. Mimi naumwa vichujio vya figo, nimeshapita mikononi mwa mabingwa kadhaa, na mengi katika wasifu huo siku hizi nayaruka.

Kwanza hakikisha ni daktari wa figo kweli. Yule wa upasuaji wa njia ya mkojo hushughulika na mawe, tezi dume na mirija iliyoziba. Figo inayovuja protini si kazi yake. Bingwa wa figo huanzia magonjwa ya ndani, au ya watoto, ndipo abobee. Marekani, kwa mfano, anayetibu watu wazima husomea magonjwa ya ndani miaka 3 baada ya shahada ya udaktari, kisha figo kwa kawaida miaka 2. Chuo cha shahada ya kwanza ndicho watu hukisifia sana. Kwangu hakina uzito.

Uzito uko kwenye alichokishika ndani ya figo zenyewe: kusafisha damu, kupandikiza, au vichujio. Wasifu wa bingwa wangu wa sasa ulikuwa mfupi, ila karibu wote ulihusu vichujio. Siku ya kwanza aliomba mkojo uliotoka muda huohuo, akauzungusha kwenye mashine, akaweka tone kwenye kioo na kulitazama mwenyewe kwa hadubini. Kisha akaniita nichungulie. Chembe nyekundu za damu zilikuwa zimepindapinda, nyingine zimeota vinundu. Akaniambia chembe za namna hiyo huwa zimeumia zikipenya kwenye kichujio, hazitoki kwenye kibofu. Hapo ndipo tukaongelea kuchukua kinyama cha figo kwa sindano.

Kwenye utafiti, usihesabu makala, soma vichwa vyake. Jina la kwanza mara nyingi ni la aliyefanya kazi, la mwisho ni la msimamizi, na katikati huweza kujaa watu wengi tu. Utafiti wa panya si wa kudharau, lakini hausemi lolote kuhusu presha yako ya wiki ijayo. Anayefanya majaribio ya dawa kwa watu huwahi kujua kinachokuja: dapagliflozini ilikuwa dawa ya kisukari, na mwaka 2020 likachapishwa jaribio lililoonyesha kwamba huchelewesha figo kuharibika hata kwa wasio na kisukari. Akikuomba uingie kwenye jaribio, muulize nani analigharamia na kama analipwa na kampuni ya dawa. Hatakasirika; majarida makubwa humtaka ayaandike hayo mwishoni mwa makala.

Ila mtafiti mzuri mara nyingi ana siku chache za kliniki. Kwa hiyo kabla hujatoka chumbani kwake, uliza potasiamu, madini ya damu yanayoweza kuudhuru moyo yakizidi, ikipanda yeye akiwa mkutanoni, utampigia nani.